Uhuishaji wa Picha Mojamoja: Kazi ya Kundi kwa Shule za Homa Bay

Uhuishaji wa picha mojamoja ni njia ya kutengeneza filamu kwa kupiga picha ya kitu kisichoweza kujisogeza, kukisogeza kidogo kwa mkono, kukipiga tena, na kuendelea hivyo mpaka picha zipatikane za kutosha. Picha hizo zikipangwa na kuonyeshwa kwa kasi, mtazamaji huona kitu hicho kikitembea, kikigeuka au kikizungumza chenyewe. Njia hii huitwa pia stopumosheni. Haidai kamera ya bei kubwa wala kompyuta yenye nguvu. Hutosheka na simu moja inayopiga picha vizuri, meza isiyotikisika, taa, na watu wanaosikilizana.

Makala haya yanaeleza misingi ya kazi hiyo na hatua zake, yakiwalenga wanafunzi na walimu wa kaunti ya Homa Bay, hasa wa sekondari msingi. Jambo moja litajitokeza katika kila sehemu: ugumu wa stopumosheni haumo katika vifaa, umo katika mpangilio. Hatua inayorukwa mwanzoni hulipiwa baadaye kwa makumi ya picha za kupigwa upya. Ndiyo maana kazi hii hulifaa kundi kuliko mtu mmoja, na ndiyo maana inastahili nafasi ya heshima shuleni.

Jinsi mwendo unavyoonekana

Filamu yoyote ni mfululizo wa picha tulivu. Kila picha huitwa fremu, na kasi ya kawaida ya sinema ni fremu 24 kwa sekunde. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba alama mbili zikitokea sehemu mbili tofauti, moja mara tu baada ya nyingine, mtu huona alama moja inayohama. Mwendo huo haupo kwenye picha. Akili ndiyo inayouunda kwa kuunganisha kilichoonekana sasa na kilichotangulia.

Watengenezaji wengi wa stopumosheni hupiga picha 12 kwa kila sekunde ya filamu na kuionyesha kila moja mara mbili, ili jumla iwe 24. Kasi hiyo hutosha kwa macho na hupunguza kazi kwa nusu. Kundi linaloanza linaweza kushuka hadi picha 8 kwa sekunde, lakini chini ya hapo mwendo huanza kukatikakatika.

Idadi ya picha huamua urefu wa tendo, nao umbali kati ya picha moja na inayofuata huamua tabia yake. Vitu halisi haviondoki kwa kasi kamili wala kusimama ghafla. Mtumbwi unaosukumwa kutoka ufukweni Mbita huanza polepole, ukashika kasi, kisha ukapungua unapokaribia kusimama. Kwenye meza, mtumbwi wa karatasi utasogezwa milimita 1, kisha 3, kisha 6, kisha 10, halafu tena 6, 3 na 1. Mtumbwi uleule ukisogezwa milimita 5 kila mara, mwanzo hadi mwisho, utaonekana kama umevutwa na mashine. Kanuni hii ndogo ndiyo inayotenganisha kitu kilichohuishwa na kitu kilichohamishwa tu.

Historia kwa ufupi

Stopumosheni ina umri unaokaribia ule wa sinema yenyewe. Mwaka 1910, mjini Kaunas, Ladislas Starewicz alitaka kurekodi mapigano ya mbawakawa. Wadudu hao ni wa usiku, na kila taa zilipowashwa walitulia. Akatumia mbawakawa waliokufa, akawawekea viungo vya waya na kuwasogeza hatua kwa hatua. Somo la sayansi likazaa filamu. Mwaka 1926 Lotte Reiniger alikamilisha nchini Ujerumani filamu ndefu ya vivuli vya karatasi kuhusu mwanamfalme Achmed, na mwaka 1933 sokwe wa Willis O'Brien, King Kong, aliwashangaza watazamaji ingawa alikuwa kikaragosi kidogo chenye mifupa ya chuma.

Kwa wanafunzi, historia ya studio ya Aardman ya Uingereza ina funzo la pekee. Waanzilishi wake, Peter Lord na David Sproxton, walikutana shuleni na kuanza majaribio yao mezani nyumbani, wakiwa bado vijana. Kazi yao ya mwanzo ilinunuliwa na kipindi cha watoto cha BBC mwaka 1972. Studio hiyohiyo ndiyo iliyokuja kutoa filamu za udongo za Wallace na Gromit, na Chicken Run ya mwaka 2000.

Afrika ina mabingwa wake. Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza katuni ya Bon voyage, Sim mwaka 1966, na baadaye akafanya filamu za vikaragosi, ikiwemo Kokoa ya mwaka 2001. Nchini Kongo, Jean-Michel Kibushi alianzisha studio ya Malembe Maa mwaka 1988. Mwaka 1991 alitoa filamu iliyotokana na ngano ya chura aliyekwenda ukweni. Mwaka uliofuata alitoa Kinshasa, septembre noir, iliyotumia michoro ya watoto wa Kinshasa kuhusu uporaji uliolikumba jiji hilo Septemba 1991. Watoto hao hawakungoja watu wazima wawasimulie mji wao. Walichora walichokiona, na michoro yao ikawa filamu.

Katika Afrika Mashariki, uhuishaji unaofahamika zaidi ni wa kompyuta: Tinga Tinga Tales iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, na Ubongo Kids iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014. Zote mbili zimethibitisha kwamba wanyama wa ngano zetu na masomo ya darasani vinaweza kusimama kwenye skrini bila kuomba ruhusa kwingine.

Aina za stopumosheni

Aina tano zinaweza kufanyika shuleni.

Ya kwanza ni ya vipande vya karatasi. Wahusika hukatwa kutoka karatasi ya manila, viungo vikatengwa na kulazwa mezani, na simu ikatazama chini. Hakuna kinachoweza kuanguka, kwa hiyo hii ndiyo aina bora kwa kundi linaloanza.

Ya pili ni ya udongo. Mhusika anaweza kubadilika umbo, kunenepa, kuyeyuka au kugeuka kitu kingine. Uzuri huo una gharama: kila mguso huacha alama ya kidole, na umbo hulegea siku ya joto.

Ya tatu ni ya vikaragosi vyenye mifupa ya waya. Hivi hudumu, na vinaweza kutumiwa na kundi jingine mwaka unaofuata.

Ya nne ni ya vitu vya kawaida: vizibo, mawe, maharagwe, penseli. Kundi la Migori linaweza kuonyesha jinsi kuta za Thimlich Ohinga zilivyopangwa, jiwe juu ya jiwe, bila chokaa wala saruji, kwa kokoto za uwanjani zinazojipanga zenyewe. Makazi hayo, yanayokadiriwa kujengwa karne ya 16, yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018.

Ya tano hutumia watu wenyewe. Mwanafunzi husimama, akapigwa picha, akasogea hatua moja, akapigwa tena, na filamu ikamwonyesha akiteleza uwanjani bila kuinua mguu. Norman McLaren alitumia njia hii katika Neighbours ya mwaka 1952, filamu iliyoshinda tuzo ya Oscar.

Mahali pake katika mtaala

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 chini ya Mtaala wa Umilisi waliingia sekondari msingi Januari 2023. Mtaala huo unataja umilisi wa aina saba, ukiwemo mawasiliano na ushirikiano, ubunifu, fikra tunduizi na ujuzi wa kidijitali. Ni vigumu kupata kazi mradi nyingine inayougusa umilisi huu kwa pamoja na kwa uzito namna hii. Ndani ya dakika moja ya filamu mna insha, mchoro, vipimo, hesabu ya wastani, fizikia ya mwanga, muziki na matumizi ya kompyuta. Mwalimu wa Kiswahili, wa Sanaa Bunifu na wa Sayansi wanaweza kuisimamia kazi moja na kila mmoja akatathmini sehemu yake. Filamu iliyokamilika inaweza pia kuandaliwa kwa ajili ya tamasha la kitaifa la maigizo na filamu la shule.

Vifaa vya kidijitali havikosekani kabisa. Tangu mwaka 2016 serikali imesambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, na shule nyingi za sekondari msingi zimo katika maeneo yaleyale. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu, kwa hiyo kishikwambi cha shule au simu ya mwalimu ndiyo itakayotumika. Kifaa kimoja kwa kundi kinatosha, na kwa kweli kinafaa zaidi, kwa sababu vifaa viwili huzaa picha zisizolingana rangi.

Hadithi

Hadithi ya stopumosheni ya shule iwe fupi, iwe na wahusika wachache, na iwe na tukio ambalo waigizaji wa kawaida wasingeweza kulifanya. Kando ya Ziwa Viktoria hadithi kama hizo ni tele. Kundi la sayansi linaweza kuonyesha jinsi gugumaji linavyoongezeka na kuziba njia za mashua katika Ghuba ya Winam. Kundi la historia linaweza kuihuisha michoro ya mviringo iliyo kwenye miamba ya kisiwa cha Mfangano. Lakini mfano utakaotumika hapa ni simulizi la Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililo karibu na Kendu Bay, ndani ya shimo la volkano, ambako heroe hutua.

Simulizi la Waluo husema kwamba mahali hapo palikuwa na kijiji. Usiku wa sherehe alifika mwanamke mzee mwenye njaa na baridi, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha. Mgeni akamwonya aondoke pamoja na mumewe, kisha mvua ikaanguka na kijiji chote kikazama. Masimulizi hutofautiana kutoka mlango hadi mlango, na tofauti hizo ni hazina. Kazi ya kwanza ya kundi iwe kuwauliza nyanya na babu, kuandika walivyosimulia, na kuamua kwa pamoja litafuatwa simulizi lipi. Majina ya waliosimulia yaandikwe, kwa idhini yao, mwishoni mwa filamu.

Baada ya hapo hadithi hugawanywa kwa shoti, yaani vipande vinavyopigwa kwa mkao mmoja wa kamera. Simbi Nyaima inaweza kutoshea katika shoti saba: ngoma ya jioni, mzee akitokea gizani, mlango wa kwanza ukifungwa, mlango wa pili ukifungwa, mwenyeji akimpa mgeni chakula, mvua na kuzama, ziwa tulivu lenye heroe. Kila shoti huchorwa kwenye kisanduku chake, hata kwa vijiti na miduara tu, na chini yake huandikwa muda wake kwa sekunde na idadi ya picha. Michoro hii ndiyo mkataba wa kundi. Mabishano yote ya hadithi yamalizwe hapa, ambapo kufuta ni kwa kifutio. Kubadili wazo baada ya kupiga picha 100 ni kuzitupa picha 100.

Hesabu ya muda

Kabla ya kushika udongo, kundi linapaswa kujua litakachoweza kukamilisha. Filamu ya dakika moja kwa picha 12 kwa sekunde ni picha 720. Kundi lililozoea hupiga takriban picha mbili kwa dakika. Kipindi cha dakika 40, ukitoa 10 za kupanga na kuondoa vifaa, huacha dakika 30, yaani picha 60, sawa na sekunde 5 za filamu. Dakika moja hivyo hudai vipindi 12. Vipindi viwili vikiunganishwa, dakika 10 za maandalizi hulipwa mara moja badala ya mbili, na kundi hupata picha 140 kwa mkupuo.

Njia halali za kupunguza kazi zipo. Mhusika anaposikiliza bila kusogea, picha moja inaweza kurudiwa wakati wa kuhariri ikawa sekunde nzima. Ngoma inaweza kuhuishwa kwa picha 12 tu, ambazo zitarudiwa mara nyingi. Muhula wa pili unafaa kwa upigaji, kwa kuwa mvua za masika hupungua kuanzia Juni na ratiba haijabanwa na mitihani ya mwisho wa mwaka.

Kundi na majukumu

Watu watano au sita wanatosha. Wakizidi, wengine hubaki kutazama, na mtazamaji asiye na kazi ndiye anayegonga meza. Mwongozaji hulinda michoro ya shoti na kutoa neno la mwisho. Mpiga picha ndiye pekee anayegusa kifaa. Wasogezaji wawili huhamisha wahusika, kila mmoja akiwa na wahusika wake. Mtunza kumbukumbu huandika namba ya kila picha, umbali uliosogezwa na kasoro iliyoonekana. Fundi wa mandhari na sauti hutengeneza nyumba, miti na vifaa, kisha husimamia kurekodi.

Majukumu yabadilishwe baada ya kila shoti, si katikati ya shoti. Kila msogezaji ana mkono wake. Mkono ukibadilika njiani, mhusika hubadilika mwendo. Kubadilishana ni muhimu pia kwa haki. Katika makundi mengi ya shule, wavulana hukimbilia kifaa na wasichana wakaachiwa kupaka rangi na kuandika. Mwalimu aandike ratiba ya zamu mapema, ili kila mwanafunzi apige, asogeze na aongoze.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na katika kazi hii kidole kimoja kikikosea kinavunja kazi ya vingine vyote. Hapa ndipo ushirikiano unapoacha kuwa neno la kwenye mtaala. Asiyeandika namba ya picha huwaangusha wenzake watano siku inayofuata, na wote huona kwa macho ni wapi kazi ilipopotea.

Vifaa vya kandoni mwa ziwa

Udongo wa mfinyanzi hupatikana kwa urahisi katika mabonde ya mito na kando ya ziwa, nao wafinyanzi wa eneo hili wanaujua vizuri kuliko kitabu chochote. Una kasoro moja kwa uhuishaji: hukauka na kupasuka kabla shoti haijaisha. Unafaa kwa nyumba, vyungu na mawe. Wahusika wanaopinda viungo watengenezwe kwa plastisini, ambayo haikauki kwa kuwa imechanganywa na mafuta, si maji. Kwa kuwa plastisini ni ya kununua, itumiwe kama ngozi ya nje tu, juu ya kiini cha karatasi au mti.

Mifupa ya kikaragosi hutengenezwa kwa waya laini. Nyuzi mbili zikisokotwa pamoja hudumu zaidi ya waya mmoja mnene. Mwili huvikwa sponji ya godoro kuukuu na vitambaa vya fundi cherehani. Miguu huhitaji uzito: nati ya baiskeli chini ya kila unyayo humzuia mhusika asianguke. Kimo cha sentimita 15 hadi 20 kinafaa. Chini ya hapo vidole vya msogezaji huvuruga kila kitu.

Mafunjo yaliyokauka hutoa paa na ua. Mchanga hutoa uwanja. Katoni hutoa kuta. Mandhari ipakwe rangi zisizong'aa, maana rangi ya mafuta hurudisha mwanga na kuonyesha kivuli cha mpiga picha. Maji halisi hayahuishiki, kwa sababu hayatulii kati ya picha mbili. Ziwa hutengenezwa kwa kitambaa cha buluu au karatasi ya nailoni iliyokunjwakunjwa, ikisogezwa kidogo kila mara.

Kamera na mwanga

Kifaa lazima kisisogee kabisa. Kama hakuna stendi ya miguu mitatu, kifungwe kwa mpira kwenye tofali, au kilazwe kati ya marundo mawili ya vitabu kikitazama chini. Miguu ya meza izungushiwe alama za chaki sakafuni, ili ikisukumwa irudishwe mahali pake.

Simu hujirekebisha yenyewe kila inapopiga, na tabia hiyo ni adui hapa. Ulengaji, kiwango cha mwanga na rangi ya mwanga vifungwe kabla ya picha ya kwanza. Programu kama Stop Motion Studio huwezesha hayo, na huonyesha picha iliyotangulia kwa ufifi juu ya ile inayoandaliwa, ili msogezaji aone amesogeza kiasi gani. Simu iwekwe katika hali ya ndege, kwani mtetemo wa simu inayoita hutosha kuharibu shoti. Picha za ukubwa wa pikseli 1920 kwa 1080 zinatosha.

Mwanga wa jua haufai kwa shoti ndefu. Homa Bay iko karibu nusu digrii kusini mwa ikweta, na jua huhama digrii 15 kila saa. Katika saa mbili za upigaji vivuli vitakuwa vimehama mezani, na mawingu ya alasiri kutoka ziwani yatafanya filamu imemetemete. Madirisha yafunikwe kwa mablanketi, na taa mbili za umeme zitumike: kubwa upande mmoja, ndogo upande wa pili kulainisha kivuli. Wanaosimama karibu na meza wavae nguo za rangi iliyokolea, kwa kuwa shati jeupe hurusha mwanga juu ya mandhari kila mwenye shati anapoinama. Shule ipange pia kwa ajili ya siku ya umeme kukatika: taa ya sola iliyochajiwa, na kanuni kwamba shoti haianzi kama haiwezi kumalizika siku hiyo.

Kupiga picha

Upigaji una mdundo wake. Msogezaji husogeza. Mwongozaji hutazama picha fifi na kukubali au kukataa. Mpiga picha hutamka "Mikono nje!", wote hurudi nyuma nusu hatua, na picha hupigwa. Mtunza kumbukumbu hutaja namba kwa sauti. Kila baada ya picha 12 kundi huicheza sekunde iliyopatikana. Mkono ulioingia kwenye picha hugunduliwa hapo, kabla haujafunikwa na picha 60 nyingine.

Shoti zisifuate mpangilio wa hadithi. Zile zenye mandhari moja zipigwe pamoja, na zile zinazoharibu mandhari zipigwe mwisho. Kuzama kwa Simbi Nyaima ni mfano mzuri. Katika njia ya karatasi, nyumba hazisogezwi hata kidogo. Karatasi ya buluu ndiyo inayopandishwa juu yake, milimita 3 kwa kila picha. Kijiji chenye kimo cha sentimita 12 hufunikwa kwa picha 40, yaani sekunde 3 na kidogo. Kama hiyo ni haraka mno kwa tukio zito kama hilo, mwendo upunguzwe hadi milimita 1 na maji yatachukua sekunde 10. Katika njia ya udongo, nyumba hubonyezwa hatua kwa hatua, na iliyobonyezwa hairudi. Kosa moja hapo ni kosa la kudumu. Kundi lenye hadhari linaweza kuanza na nyumba zilizobonyea na kuzijenga polepole, kisha likageuza mpangilio wa picha wakati wa kuhariri. Mtazamaji ataona kijiji kikizama.

Sauti

Mazungumzo yarekodiwe kabla ya upigaji, kwa sababu urefu wa sauti ndio unaoamua idadi ya picha. Mwanafunzi asome maneno yake katika chumba kidogo chenye mablanketi ukutani, mbali na paa la mabati siku ya mvua.

Kiswahili na Dholuo husaidia sana katika kuhuisha midomo, kwa kuwa irabu husikika wazi. Midomo mitano ya karatasi kwa a, e, i, o na u, na mmoja uliofumba kwa ajili ya m, b na p, hutosha kwa mazungumzo yote. Mtu anayeongea kwa kasi ya kawaida hutoa silabi tano au sita kwa sekunde, hivyo kila silabi hupata takriban picha mbili.

Sauti nyingine hutengenezwa kwa mkono. Mchele ukizungushwa kwenye uteo hutoa mvua ya rasharasha. Maharagwe juu ya bati hutoa mvua kubwa. Kwa ngoma ya jioni, nyatiti au orutu iliyopigwa na mwanamuziki wa kijijini, kwa ridhaa yake, ina uhai zaidi kuliko wimbo wowote uliochukuliwa mtandaoni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda nyimbo zilizorekodiwa, na wanafunzi wajifunze mapema kuiheshimu kazi ya msanii.

Kuhariri na kutathmini

Picha huingizwa kwenye programu ya kuhariri kwa mpangilio wa namba. Shotcut na OpenShot hupatikana bure kwa kompyuta. Kazi ya mhariri ni kuondoa picha zenye mikono, kurefusha mahali penye utulivu, kulinganisha sauti, na kuandika majina. Akumbuke kwamba shoti ya sekunde 4 iliyochukua siku mbili haina haki ya kubaki kwa sababu ya jasho lake. Isipoisogeza hadithi, iondolewe.

Katika kutathmini, mwalimu asitazame filamu pekee. Daftari la kumbukumbu huonyesha nani alifanya nini, tatizo gani lilitokea na lilitatuliwaje. Filamu yenye kutetemeka iliyotoka kwa kundi lililogawana kazi kwa haki ina thamani kubwa zaidi ya elimu kuliko filamu laini iliyofanywa na mwanafunzi mmoja hodari wenzake wakimtazama. Alama ya kundi iambatane na alama ya kila mwanafunzi, na kila mmoja aandike ukurasa mmoja kueleza shoti aliyoisogeza.

Sura au sauti za wanafunzi zikiwemo katika filamu, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hudai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuisambaza. Kuonyesha filamu siku ya wazazi, kwa projekta ya shule na spika ya kukodi, ni uzinduzi wa heshima. Waliosimulia hadithi waalikwe na wakae mbele.

Mwisho, picha zote za awali, daftari na filamu iliyokamilika vihifadhiwe katika sehemu mbili tofauti, na vikaragosi viwekwe kwenye katoni yenye jina la hadithi na mwaka. Kundi la mwaka ujao halitahitaji kuanza na udongo mbichi. Litajua tayari maji yapande milimita ngapi, taa isimame wapi, na ni simulizi lipi la Simbi Nyaima ambalo bado halijasimuliwa. Kwa hazina kama hiyo shule itaacha kutengeneza filamu moja ya bahati na kuanza kuwa na desturi ya filamu.